Bustani ya Mboga Wakati wa Ukame: Mwalimu Ajifunza Upya

Utangulizi

Kila mwalimu anayeanza kazi hutoka chuoni na daftari lililojaa. Mimi nami nilitoka na daftari langu, na ndani yake ulikuwamo ukurasa mmoja juu ya bustani ya shule. Uliagiza hivi: matuta yainuliwe, kila tuta liwe na upana wa mita moja na urefu wa mita kumi, kabichi zipandwe kwa nafasi, maji yamwagwe asubuhi na jioni. Ukurasa ule haukuwa na kosa, ila uliandikwa kwa ajili ya mahali penye maji. Mimi nilipangiwa kazi katika kijiji kimoja cha mkoa wa Dodoma.

Ndugu msomaji ambaye hajafika Dodoma yampasa ajue mambo mawili. Kwanza, mvua huko ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba au mwisho wa Novemba hadi Aprili, na kwa kawaida jumla yake ni kati ya milimita 500 na 600 hivi kwa mwaka. Pili, baada ya hapo hufuata miezi saba ambayo mbingu hufungwa kabisa. Juni na Julai kuna baridi na upepo mkavu. Oktoba na Novemba joto hupanda, na jua huifanya ardhi kuwa ngumu kama tofali. Yeyote atakaye kula mboga mbichi mwezi wa Novemba hana budi aitafutie maji yeye mwenyewe.

Katika makala haya nataka kusimulia jinsi nilivyoshindwa kuistawisha bustani ya shule mwaka 2005, na jinsi bustani ndogo ya uani kwangu ilivyonifundisha kazi ya ualimu ambayo nilidhani nimekwisha ijua. Nasimulia kwa ajili ya wanachuo ambao karibuni watapewa darasa, jembe na kiwanja, kisha waambiwe, "Tunataka bustani."

Kabichi za shule

Nilifika shuleni nikiwa na ari kubwa. Nilikabidhiwa Darasa la Tano na somo la Stadi za Kazi. Mwezi wa Agosti tuliandaa matuta sita kama daftari lilivyoagiza, tukayainua vizuri na kuyanyoosha kwa kamba, tukapanda miche ya kabichi. Wageni waliopita barabarani walisimama kutazama, nami nilifurahi.

Kisima cha kijiji kilianza kupungua mwezi wa Septemba. Shule ikatoa amri kwamba kila mwanafunzi wa darasa langu aje na dumu la lita tano kila asubuhi. Asiyekuja na maji alibaki nje mpaka kipindi cha kwanza kiishe, na kazi yake ilikuwa kung'oa majani. Amri ile haikuwa yangu, lakini aliyesimama mlangoni kuhesabu madumu nilikuwa mimi, wala sikuona ubaya wake. Wanafunzi walikuwa arobaini, kwa hiyo maji yalikuwa lita mia mbili kwa siku. Kwa macho yalikuwa maji mengi. Baada ya mstari, yapata saa mbili na nusu, watoto waliyanyunyiza juu ya matuta, kisha tukaingia darasani kusoma Hisabati.

Ajabu ni kwamba katika Hisabati zile sikufikiri hata siku moja kuwapa watoto hesabu ya maji yao wenyewe. Laiti ningefanya hivyo, tungeona mara moja kwamba matuta sita ya mita kumi za mraba ni mita sitini za mraba, na kwamba lita mia mbili zikigawanywa humo hazifiki hata lita tatu na nusu kwa kila mita. Kwa jua la Oktoba, mboga huhitaji kiasi cha lita tano au sita kwa mita ya mraba kila siku. Isitoshe, tuliyamwaga maji juu ya tuta lililoinuka, jua likiwa limekwisha panda, yakalowesha ngozi tu ya udongo. Kabla ya saa nne yalikuwa yamekwisha rudi hewani.

Siku moja, mwishoni mwa Oktoba, alikuja mama mmoja. Mtoto wake wa kike alikuwa mmoja wa wale waliochelewa mara kwa mara, na wiki ile nilikuwa nimemwacha nje mara mbili. Nilijiandaa kujitetea. Mama yule akanisalimu kwa Kigogo, "Mbukwa, Mwalimu," kisha akaendelea kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, sikuja kugombana. Mwanangu hajakataa kazi ya shule. Ila maji anayoyaleta hapa tunayachota korongoni, ndani ya mchanga, kwa kata. Tunaondoka nyumbani jogoo la kwanza, na tukikuta watu wametutangulia tunangoja shimo lijae tena. Jana maji hayakutosha. Nilimpa yale ya uji wa mdogo wake, maana aliogopa kuja mikono mitupu. Nimekuja kuuliza tu: hizo kabichi zinaendelea vizuri?"

Kabichi zilikuwa nyuma yangu. Hakuhitaji jibu, kwa kuwa alikuwa anaziona. Nusu zilikuwa zimekwisha kauka, na zilizobaki zilikuwa na majani ya rangi ya udongo, hazikufunga hata moja. Nilimwambia kwamba mtoto asilete maji tena na kwamba hataachwa nje. Alishukuru, akaondoka. Hakuwa na habari kwamba ahadi niliyompa sikuwa na mamlaka nayo.

Siku ile ile nilimwendea mkuu wangu wa shule nikaomba amri ya maji iondolewe. Hakukasirika. Aliniuliza, "Na mboga?" Nikasema mboga zimekufa. Akasema, "Basi umeshindwa wewe, si maji. Nionyeshe mboga zilizostawi bila maji ya watoto, nami nitaifuta amri hii." Nilitoka ofisini nimeudhika. Lakini usiku, nilipotafakari, niliona kwamba alikuwa amenipa zoezi la haki.

Uani kwangu

Nyumbani tulikuwa watu wanne, na maji tuliyanunua kwa ndoo kutoka kwa wenye mikokoteni. Kuchukua maji ya kunywa na kumwagilia mboga lingekuwa kosa lile lile. Kwa hiyo nilianza na jambo ambalo daftari langu halikulitaja: kupima. Kwa muda wa wiki moja mke wangu na mimi tuliweka beseni kila mahali maji yalipomwagwa baada ya kutumika. Tulipima maji ya kuoshea mchele na mboga, ya kusuuzia vyombo, ya kunawa mikono, na ya mwisho ya kusuuzia nguo. Kila jioni nilipima kwa dumu na kuandika. Wastani ulikuwa lita ishirini kwa siku.

Hesabu iliyofuata angeiweza hata mtoto wa Darasa la Tano. Lita ishirini, zikigawanywa kwa lita tano za kila mita ya mraba, ni mita nne za mraba. Hiyo ndiyo ilikuwa bustani yangu yote: vitalu viwili, kila kimoja mita moja kwa mbili. Uwanja ulikuwa mkubwa mara kumi ya hapo, lakini kipimo cha bustani ya kiangazi ni maji, si uwanja. Shuleni tulikuwa tumefanya kinyume. Tulikata bustani kwa kipimo cha kiwanja, kisha tukawatuma watoto watafute maji ya kuijaza.

Nilikuwa nimeanza kuinua matuta yangu mawili alipopita bibi mmoja jirani, mkongwe aliyezaliwa na kukulia hapo hapo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Naona unazipandisha mboga kitandani. Maji yatazifuataje huko juu?"

Nikacheka, lakini nikaacha jembe. Bibi alinieleza kwamba tuta la kuinuka hufaa mahali ambapo maji ni mengi na yanatakiwa kuondoka. Kwetu maji yanatakiwa kukaa. Akaniagiza nichimbe kwenda chini: jaruba dogo lenye kina cha kiganja, kingo zake zikiwa zimeinuliwa kwa udongo uliotoka ndani, na sakafu yake ikiwa sawa ili maji yasikimbilie upande mmoja. Ndani yake nilichanganya samadi kavu ya ng'ombe iliyooza vizuri, madebe mawili kwa kila kitalu. Samadi iliyooza hushika maji kama sifongo. Ikiwa mbichi huunguza mizizi.

Kuhusu mbegu pia alinipinga. Kabichi hukaa shambani kwa miezi mitatu hivi, nayo hunywa maji siku zote hizo kabla haijakupa kitu. Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Mgagani huvumilia joto. Kunde hutupa mizizi yake chini sana, majani yake huliwa yakiwa machanga, na mizizi hiyo huacha mbolea ardhini. Bibi alinipa mbegu za kunde na mgagani katika kitambaa alichokifunga fundo, akakataa malipo. Nilipanda pia mchicha, na katika pembe moja miche minne ya nyanya, kwa kiburi tu.

Makosa yangu ya nyumbani

Mwanachuo asidhani kwamba tangu hapo mambo yalininyokea. Niliharibu mara tatu, na kila mara nilipata somo.

Kosa la kwanza lilikuwa sabuni. Katika wiki ya pili nilimwaga maji yote ya kufulia, hata yale mazito ya povu. Siku chache baadaye kingo za majani ya mchicha ziliungua, na juu ya udongo ukatanda ukoko mweupe. Ukoko ule ulikuwa chumvi. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi tangu asili, na sabuni ya unga huongeza nyingine. Maji yakipaa hewani, chumvi hubaki. Tangu siku ile nilitumia maji ya kusuuzia tu, nikayamwaga chini kwenye udongo na kamwe si juu ya majani, na mara moja kwa wiki nilikipa kila kitalu maji safi kiasi cha kuisukuma chumvi chini. Maji yenye dawa ya kung'arishia nguo sikuyatumia kabisa.

Kosa la pili lilikuwa matandazo. Kila kitabu husema udongo ufunikwe kwa nyasi ili jua lisiufikie, na ni kweli. Lakini nyasi kavu katika nchi ya mchwa ni karamu. Walikuja usiku, wakala matandazo, kisha wakaendelea na mashina. Bibi aliponiona nimesimama na fimbo mkononi alisema, "Weka kokoto. Mchwa hali jiwe." Nikaokota kokoto, nikazitandaza kati ya mistari. Nyasi nilizitumia baadaye, mboga zilipokuwa zimekomaa kidogo, tena mbali na mashina.

Kosa la tatu lilikuwa huruma ya mchana. Kila saa saba nilikuta majani yamelegea na kuinama, nami nikakimbilia kata. Baada ya siku kadhaa nikaamua kuziacha mboga nione zitakuwaje. Jioni, jua liliposhuka, zilisimama tena zenyewe. Ndipo nilipotambua kwamba mmea hulegea mchana kwa sababu majani hupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta, hata kama udongo una unyevu. Dalili ya kiu halisi ni mmea uliolegea alfajiri. Tangu hapo nilikagua bustani mapema asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, na kuchovya kidole ardhini mpaka kifundo cha pili. Udongo ukiwa mbichi hapo chini, sikumwagilia.

Nilimwagilia jioni tu, nusu ya bustani leo na nusu kesho. Kila kitalu kilipata lita ishirini mara moja kwa siku mbili, badala ya lita kumi kila siku. Kiasi ni kile kile, lakini matokeo ni tofauti. Maji machache ya kila siku hubaki juu na kuiita mizizi juu, ambako jua huiua. Maji mengi ya mara moja huzama, na mizizi huyafuata chini.

Mabua ya mtama yalinisaidia pia. Nilisimamisha uzio wa mabua upande wa mashariki, kwa sababu upepo wa kiangazi kwetu hutoka mashariki na kusini-mashariki na hukausha majani kuliko jua lenyewe. Juu nikaweka dari nyepesi ya mabua hayo hayo, yenye nafasi za kupitisha mwanga. Kati ya nyanya nilifukia mtungi mdogo wa udongo usiopakwa rangi, shingo ikabaki nje na kufunikwa kwa kigae. Ukijazwa maji, hutoa unyevu polepole kupitia kuta zake, na mizizi huja kuukumbatia. Njia hii ni ya kale sana. Kule China iliandikwa zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Nyanya zilikua vizuri, zikatoa maua mengi, kisha joto la Novemba likaangusha karibu yote. Nilivuna nyanya tano. Nazitaja ili mtu asije akadhani mtungi hushinda kila kitu.

Hata hivyo, mwishoni mwa Novemba tulikuwa tunakula mboga za uani mara tatu kwa wiki. Zilizozidi mke wangu alizikausha kama bibi alivyomfundisha, kivulini na si juani, kwa kuwa jua kali huharibu vitamini A iliyo katika majani.

Somo lenyewe

Katika wiki za mwisho za muhula niliomba ruhusa, nikalileta Darasa la Tano nyumbani kwangu. Sikuwaambia watoto lolote juu ya bustani. Niliwapa kamba, rula na dumu tupu, nikawataka wapime.

Jambo la kwanza tulilofanya ni kutafuta maana ya milimita moja ya mvua. Tulichora mraba wa mita moja ardhini. Ubaoni, yaani juu ya mlango wangu wa mbao, tuliandika: sentimita 100 kwa sentimita 100 kwa sehemu moja ya kumi ya sentimita. Jibu ni sentimita 1000 za ujazo, yaani lita moja. Nyuso zao zilibadilika. Kwa hesabu hiyo mtoto yeyote aliweza kuipima mvua kwa dumu. Walikwenda kulipima paa la bati la nyumba yangu, wakapata mita 6 kwa 5. Wakakokotoa kwamba mvua ya milimita kumi ingelitiririshia paa hilo lita 300, ingawa nyingine ingepotea kwa kuruka na kuvuja. "Sawa na madumu sitini!" alipaza sauti kijana mmoja. Sote tulijua lilikuwa dumu gani.

Jambo la pili lilikuwa jaribio. Nilikuwa nimetayarisha viwanja vinne vya mita moja ya mraba. Vyote vilipewa lita tano. Cha kwanza kilikuwa tuta la kuinuka, kikamwagiliwa asubuhi jua likiwa limepanda. Cha pili kilikuwa tuta kama hilo, kikamwagiliwa jioni. Cha tatu kilikuwa jaruba, nacho jioni. Cha nne kilikuwa jaruba lenye kokoto na kivuli. Kabla ya kuanza, kila mtoto aliandika anachotazamia, na baada ya siku mbili tulirudi na vijiti kuchimba na kuona unyevu umebaki wapi. Katika tuta la asubuhi hatukupata unyevu wowote. Katika jaruba lenye kokoto, udongo ulifinyangika mkononi.

Hapo yule msichana ambaye mama yake alinijia aliinua mkono. Tangu mwezi wa Oktoba alikuwa hajasema neno darasani.

"Mwalimu, kama ni hivyo, kwa nini sisi tulikuwa tunayaleta asubuhi?"

Kimya kikatanda. Ningeweza kusema kwamba ilikuwa amri ya shule, na ningekuwa nasema kweli nusu. Ningeweza kumsifu kwa swali zuri kisha nikaendelea na lingine. Mwalimu ana njia nyingi za kulikwepa swali la mtoto. Nikamjibu, "Kwa sababu mimi sikujua, na sikupima. Nilikosea. Maji yenu yalipotea."

Nilitazamia kwamba heshima yangu ingeshuka. Mtoto yule alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu iliyomsumbua, kisha akasema, "Sisi nyumbani maji ya vyombo tunampa mpapai. Tunasugua kwa majivu, hatutii sabuni." Baada yake mikono ishirini iliinuka. Mmoja alisema kwao maji ya kunawa huenda kwenye mboga ya maboga. Mwingine alijua jinsi babu yake anavyozuia maji ya mvua kwa mawe mteremkoni. Mwingine alijua mgagani unaoota wenyewe zizini. Kwa muda wa miezi minne nilikuwa nimewafundisha kilimo cha mboga watoto ambao kila mmoja alikuwa na bustani kichwani, na sikuwa nimewauliza hata swali moja.

Mkuu wangu alikuja uani Ijumaa moja, bila taarifa. Alizunguka vitalu, akainua kokoto moja, akagusa udongo, akachuma jani la kunde na kulitia mfukoni. Hakusema neno. Muhula ulipofunguliwa Januari 2006, amri ya madumu haikusomwa tena mstarini. Mwaka ule mvua ilichelewa kijijini kwetu, kwa kuwa mvua za mwishoni mwa 2005 zilikuwa zimeshindwa katika sehemu kubwa ya nchi. Tulipolima bustani ya shule tena ilikuwa na vitalu vitatu tu, vya kuzama, vilivyonyweshwa kwa maji ya kunawia mikono ya shule nzima na, mvua ilipokuja, kwa maji ya paa. Ilikuwa bustani ndogo, wala hakuna mgeni aliyesimama barabarani kuitazama.

Hitimisho

Wanachuo husoma juu ya Elimu ya Kujitegemea, ambayo Mwalimu Nyerere aliitangaza mwezi Machi 1967. Mara nyingi hukumbuka kwamba ilizitaka shule ziwe na mashamba. Husahau kwamba iliwataka pia wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shamba lao na wajue sababu ya kila kazi. Shamba ambalo mtoto hutumwa tu, au hupelekwa kama adhabu, humfundisha jambo moja: kwamba kazi ya mikono ni mateso. Nami nilikuwa nimelifundisha somo hilo kwa bidii.

Ukame si jambo lililopita. Mwaka 2022 hata jiji la Dar es Salaam lilipewa maji kwa mgao, kwa sababu mto Ruvu ulikuwa umepungua mno. Wengi wenu mtapangiwa shule ambazo hazina bomba, na mtaagizwa kuwa na bustani. Nawasihi mambo machache.

Kabla hujaandika andalio la somo la bustani, uliza maji yanatoka wapi na nani huyachota, saa ngapi. Usikubali jibu la kwamba "watoto wataleta" mpaka umefika mwenyewe mahali wanapoyachota. Mimi nilikwenda korongoni mwezi wa Desemba, jogoo la kwanza, baada ya miezi minne ya kuhesabu madumu mlangoni. Nilipaswa kwenda siku ya kwanza.

Pima maji kwanza, kisha ukate bustani kwa kipimo chake, hata kama itakuwa mita moja ya mraba. Mita moja iliyo hai hufundisha mengi kuliko mita sitini zilizokauka.

Weka daftari la bustani, na liandikwe na wanafunzi: maji yaliyoingia, mavuno yaliyotoka, na makosa yaliyofanyika. Makosa ya mwalimu nayo yaandikwe humo.

Mwisho, sikiliza wazee wa mahali ulipo, na sikiliza watoto. Mbegu nilizopewa katika kitambaa kile bado ninazo, maana kila mwaka huacha mashina machache yakomae na kukauka. Sasa nafundisha chuoni, na kila kundi la mwaka wa kwanza hulipa kitalu kimoja cha kuzama na dumu moja la lita tano. Siku ya kwanza hatupandi chochote. Tunatembea mpaka kwenye maji, tunajaza dumu, tunalibeba kurudi, kisha kila mmoja anaandika limemchukua muda gani.